Baden-Powell: mwasisi wa skauti aliyefundisha makuruta wa polisi

Vijana wa skauti wanapomvisha skafu kiongozi wa mbio za Mwenge wa Uhuru, iwe Kilosa mjini au kwenye uwanja wa shule ya kijijini, wanaendeleza kazi ya mtu aliyefariki zaidi ya miaka 80 iliyopita. Mtu huyo ni Robert Baden-Powell, Mwingereza. Wengi wetu tunalijua jina lake kwa sababu ya skauti. Wachache wanajua kwamba kabla ya skauti aliunda jeshi la polisi tangu mwanzo na kufundisha makuruta wake, na kwamba kaburi lake liko hapa Afrika Mashariki.

Tunamweleza leo kwa sababu kila nafasi za ajira za Jeshi la Polisi zinapotangazwa, vijana wengi wa Chanzuru, Rudewa na Kimamba huanza kukimbia asubuhi na kupiga pushapu. Wanadhani depo ni miguu na kifua. Maisha ya Baden-Powell yanatuonyesha kwamba sehemu ngumu ya mafunzo ya askari polisi iko kwingine kabisa.

Mtoto wa msituni

Alizaliwa London tarehe 22 Februari 1857. Baba yake alikuwa mchungaji na profesa wa chuo kikuu cha Oxford, akafariki mwaka 1860. Mama yake, Henrietta Grace, alibaki na watoto wengi wa kulea peke yake. Robert alisoma shule ya Charterhouse, na darasani hakuwa wa kung'ara. Alichopenda ni kujipenyeza kwenye kichaka cha karibu na shule, kunasa sungura, na kuwapika kwa moto mdogo ili moshi usiwashtue walimu.

Mwaka 1876 alifaulu mtihani wa jeshi na kupelekwa India katika kikosi cha askari wa farasi. Huko ndiko alikoanza ualimu. Aliona askari wake wanajua kwata na kutii amri, lakini ukimtuma mmoja peke yake porini anapotea. Akaanza kuwafundisha kusoma nyayo, kukumbuka walichokiona, kutembea usiku bila taa, na kuleta taarifa sahihi. Waliofaulu aliwapa beji. Kitabu chake cha mafunzo hayo kilitoka mwaka 1899.

Doa la mwaka 1896

Mwaka 1896 alikuwa nchi ambayo leo ni Zimbabwe, Waingereza walipopigana na Wandebele na Washona waliokataa kutawaliwa. Askari walio chini yake walimkamata Chifu Uwini, aliyekuwa na jeraha. Wakubwa wa serikali walitaka mateka kama yeye wafikishwe mbele ya mahakama ya kiraia. Baden-Powell aliitisha mahakama ya kijeshi papo hapo, Uwini akahukumiwa kifo na kupigwa risasi.

Uchunguzi ulifanyika, naye akasafishwa. Lakini kwa mtu anayetaka kuwa polisi, kisa hiki kina uzito kuliko sifa zake zote. Mtuhumiwa akishakuwa mikononi mwa aliyemkamata, hana tena uwezo wa kumdhuru mtu. Kuanzia hapo sheria ndiyo inayoamua, hata kama aliyemkamata ana hasira na ana bunduki.

Mafeking

Umaarufu wake ulikuja katika vita vya Waingereza na Makaburu. Kuanzia Oktoba 1899 hadi Mei 1900 alishikilia mji mdogo wa Mafeking, Afrika Kusini, ukiwa umezingirwa kwa siku 217. Wavulana wa mji walipewa kazi ya kupeleka barua na kulinda zamu, na baadaye akili yake ilirudi mara kwa mara kwa wavulana hao. Uingereza ilimshangilia kama shujaa. Upande wa pili wa habari ni kwamba Waafrika waliokuwa ndani ya mji walipata mgao mdogo wa chakula kuliko Wazungu, na wengi walikufa kwa njaa.

Makuruta wake

Mwaka huohuo wa 1900 alipewa kazi mpya: kuunda polisi wa Transvaal na koloni la Mto Orange. Lilikuwa jeshi la polisi la kikoloni, lililoitwa South African Constabulary, na lilifikia watu wapatao 10,000. Makuruta walitoka Uingereza, Kanada, Australia na kwingineko. Wengi hawakuijua nchi wala lugha za wenyeji wake.

Nchi ni kubwa, na askari wangetawanywa kwenye vituo vidogo mbali na ofisa yeyote. Kwa hiyo aliwagawa katika vikundi vidogo, kila kimoja na kiongozi wake, na kumpa kiongozi huyo jukumu la kweli. Walifundishwa kupanda na kutunza farasi, shabaha, doria, kusoma nyayo na kujihudumia wenyewe porini. Juu ya yote aliwataka watumie akili zao na wawe watu wa kuaminika hata pasipo msimamizi. Sare ilikuwa kaki na kofia pana, ile ambayo baadaye iliingia kwenye skauti.

Vita vilipokwisha Mei 1902, kazi ya askari hao ilibadilika. Watu waliokuwa maadui jana walirudi kwenye mashamba yaliyoungua, na polisi walitakiwa kuwatembelea na kulinda amani. Askari aliyejua bunduki tu hakufaa tena. Alihitajika anayejua kusikiliza.

Depo ya leo

Hapa kwetu makuruta wa Jeshi la Polisi wanafundishwa Moshi. Mkoani Morogoro nako kuna chuo cha polisi Kidatu. Gwaride lipo, ukakamavu upo, matumizi ya silaha yapo. Gwaride lina kazi yake: linamzoeza mtu kutii amri pamoja na wenzake na kuizuia hasira yake.

Lakini kuruta anakaa pia darasani. Anasoma sheria za makosa ya jinai, sheria ya ushahidi, na Kanuni za Kudumu za Jeshi la Polisi, maarufu kama PGO. Anajifunza kuandika maelezo ya shahidi, kulinda eneo la tukio, kutoa huduma ya kwanza, haki za binadamu na polisi jamii. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inamtaka amweleze anayemkamata sababu ya kumkamata, na asitumie nguvu kupita inavyohitajika. Masomo haya ndiyo yanayomtofautisha askari polisi na mtu yeyote mwenye rungu.

Yana maana kubwa wilayani kwetu. Desemba 2000, pale Rudewa Mbuyuni, watu zaidi ya 30 waliuawa katika uhasama wa wakulima na wafugaji. Askari anayeitwa leo kwa sababu ng'ombe wameingia kwenye mahindi anafika yeye na mwenzake mmoja, mkubwa wao yuko mbali, na pande zote mbili zina silaha za jadi. Kwata haitamsaidia. Kitakachomsaidia ni kujua sheria, kujua watu, na kutoegemea upande.

Kutoka polisi hadi skauti

Baden-Powell aliwaacha polisi wake mwaka 1903 na kurudi Uingereza, alikopewa usimamizi wa vikosi vya farasi. Aliona kitabu chake cha kufundishia askari kinasomwa na vijana. Agosti 1907 alichukua wavulana wapatao 20 kisiwani Brownsea, akajaribu kwao mafunzo yaleyale ya vikundi vidogo, safari hii bila bunduki. Kitabu cha skauti kilitoka mwaka 1908, na skauti wakaenea duniani. Alistaafu jeshi mwaka 1910, na mwaka huohuo wasichana wakapata chama chao cha Girl Guides. Mwaka 1912 alimwoa Olave, aliyekuja kuwaongoza Guides duniani.

Mwaka 1938, akiwa mzee na afya yake dhaifu, alihamia Nyeri, Kenya, kwenye nyumba ndogo aliyoiita Paxtu, ndani ya eneo la Hoteli ya Outspan. Alifariki hapo tarehe 8 Januari 1941, akiwa na miaka 83, na akazikwa Nyeri, kaburi likielekea Mlima Kenya. Kwenye jiwe lake kuna duara lenye nukta katikati, alama ya skauti inayomaanisha kwamba mwenye safari amekwenda nyumbani. Majivu ya Olave, aliyefariki mwaka 1977, yaliletwa hapohapo. Kilomita chache kutoka kaburini kuna Kiganjo, kinapofundishwa kizazi baada ya kizazi cha polisi wa Kenya.

Kwa kijana anayejiandaa kuomba nafasi, endelea kukimbia asubuhi, lakini soma pia, na anza sasa kuwa mtu anayeaminiwa na majirani. Kwa wewe usiyeomba kazi, ni vizuri kujua alichofundishwa askari unayekutana naye. Akikukamata, una haki ya kuelezwa kosa lako. Dhamana ya polisi hailipiwi. Na anapokuja kijijini kuuliza jambo, mpe taarifa ya kweli, kwa sababu hakuna depo inayoweza kumfundisha askari mambo ya Chanzuru kuliko wanaoishi Chanzuru.