Jock Stein: Uzito wa kombe moja la Dunfermline

Makocha wa kandanda hupimwa kwa mataji. Kwa kipimo hicho, Jock Stein wa Scotland ana hesabu nzito: akiwa na Celtic alitwaa ubingwa wa ligi mara 10, tisa kati ya hizo mfululizo, kuanzia 1966 hadi 1974.

Hata hivyo, mataji hayalingani uzito. Stein, aliyezaliwa mwaka 1922 na kufanya kazi katika migodi ya makaa ya mawe kabla ya kuishi kwa soka, alikabidhiwa Dunfermline mwaka 1960, klabu ndogo iliyokuwa ikinyemelewa na kushuka daraja. Kwanza aliinusuru. Mwaka uliofuata aliifunga Celtic yenyewe 2-0 katika fainali ya marudiano na kutwaa Kombe la Scotland, taji kubwa la kwanza la Dunfermline.

Alirejea Celtic, klabu aliyowahi kuichezea, mwaka 1965. Kikosi chake kilichoilaza Inter Milan 2-1 mjini Lisbon, Mei 25, 1967, na kuwa cha kwanza kutoka Uingereza kutwaa Kombe la Klabu Bingwa Ulaya, hakikujengwa kwa fedha nyingi. Wachezaji wote 11 walizaliwa ndani ya kilomita 50 kutoka uwanja wa Celtic.

Stein alifariki dunia Septemba 10, 1985, uwanjani mjini Cardiff, mara baada ya Scotland aliyoinoa kutoka sare ya 1-1 na Wales. Sare hiyo haikuleta kombe. Iliipa Scotland nafasi ya mtoano, ikafuzu Kombe la Dunia la 1986.