Joseph Thomson na Kipimo cha Kutosha

Swala tomi amepata jina lake kwa Joseph Thomson, msafiri Mskoti aliyezaliwa tarehe 14 Februari 1858 katika kijiji cha Penpont. Lakini maisha ya bwana huyu yana mafunzo makubwa kuliko jina la mnyama.

Mwaka 1879 alifika Afrika ya Mashariki akiwa msaidizi wa Bwana Keith Johnston. Johnston alifariki njiani, huko Behobeho, naye Thomson, kijana wa miaka 21, akashika uongozi, akisaidiwa na Chuma, aliyewahi kumtumikia Livingstone. Mwaka huo huo wakafika kaskazini ya Ziwa Nyasa katika nchi ya Wanyakyusa, ambayo baadaye iliwekwa katika Wilaya ya Rungwe, yenye makao yake Tukuyu.

Hapo Thomson alistaajabu. Aliona migomba iliyolemewa na matunda, viwanja visivyo na taka, na nyumba za mviringo zilizojengwa kwa ustadi. Katika kitabu chake cha mwaka 1881 aliifananisha nchi ile na Arkadia, nchi ya raha iliyosifiwa na washairi wa kale. Kwa hakika usafi ule haukuletwa na uvivu. Watu wale walifanya kazi sana, ila kazi yao ilikuwa na kipimo: chakula, ng'ombe na makao mema.

Waliomtuma Thomson baadaye walitafuta jingine. Mwaka 1881 Sayyid Barghash wa Unguja alimpeleka Ruvuma kutafuta makaa ya mawe. Hakuona yenye faida, akasema kweli, ijapokuwa Sultani hakupendezwa. Mwaka 1890 alikwenda kwa ajili ya kampuni ya Cecil Rhodes kuitafuta Katanga, nchi ya shaba. Rhodes alikuwa tayari tajiri wa almasi, wala hakutosheka. Ndui iliizuia safari ile, na afya ya Thomson ikaharibika. Alifariki London tarehe 2 Agosti 1895, akiwa na miaka 37 tu.

Ndugu msomaji, udongo wa Rungwe uliotokana na volkano ungali walisha watu kwa ndizi, viazi, chai na kahawa. Lakini ardhi haiongezeki, na watu waongezeka. Basi kukinai si kupenda umaskini. Ni kujua kiasi kinachotosha, kukifanyia kazi kwa bidii, na kuwaachia wajao udongo wenye rutuba. Asiyejua kiasi hicho, hata almasi hazitamshibisha.