Henry Lawson: Kiziwi aliyewapa Waaustralia sauti

KWA miaka 27, sura ya mwandishi mmoja kiziwi ilitembea mifukoni mwa wananchi wa Australia. Henry Lawson alichorwa kwenye noti ya dola 10 ilipozinduliwa mwaka wa 1966, akadumu hapo hadi noti za plastiki zilipochukua nafasi hiyo mnamo 1993.

Ajabu ni kwamba mtu huyo, ambaye sura yake ilitumika kununua mkate na nyama, alikuwa amewahi kufungwa gerezani mara kadha, miongoni mwa sababu ikiwa ni kushindwa kulipa pesa za kuwatunza wanawe.

Historia ya wasanii walemavu nchini Australia haiwezi kuandikwa bila jina lake. Hata hivyo, mara nyingi husifiwa kama malenga wa wakulima na vibarua, huku uziwi wake ukiguswa kwa kupita tu, kana kwamba ulikuwa jambo dogo lililomtokea njiani. Ukweli ni kwamba maisha ya Lawson hayaeleweki bila masikio yake.

Alizaliwa Juni 17, 1867, katika machimbo ya dhahabu ya Grenfell, jimbo la New South Wales. Babake, Niels Larsen, alikuwa baharia kutoka Norway aliyeacha meli ili kutafuta dhahabu, na baadaye akajulikana kama Peter Lawson. Mamake, Louisa, alikuwa mwanamke mwenye akili pevu asiyeridhika na maisha ya mashambani. Ni yeye aliyekuwa mstari wa mbele kudai shule ijengwe Eurunderee, karibu na mji wa Mudgee, walikokuwa na kishamba chao.

Henry aliingia shule hiyo mnamo 1876. Lakini akiwa na umri wa miaka tisa alishikwa na ugonjwa wa masikio uliomwacha akisikia kwa shida. Alipofika miaka 14, hali ilikuwa mbaya zaidi na ulimwengu wa sauti ukawa umemfungia mlango. Wanafunzi wenzake, ambao tayari walimwona mpole kupita kiasi, walimdhihaki kama punguani.

Masomo yalikoma mapema. Alianza kumsaidia babake katika kazi ya ujenzi na kupaka nyumba rangi. Wazazi walipotengana, Louisa alihamia Sydney mwaka wa 1883 na Henry akamfuata. Huko aliajiriwa kupaka rangi mabehewa ya reli. Alikuwa akirauka alfajiri kwenda kazini, na jioni akihudhuria masomo ya usiku kwa matumaini ya kuingia chuo kikuu. Mtihani ulimshinda. Si ajabu, kwani darasa la enzi hizo lilitegemea mwalimu kusema na mwanafunzi kusikia, na hapakuwa na mpango wowote wa kumsaidia asiyesikia.

Akiwa bado kijana alisafiri hadi Melbourne kutafuta tiba katika hospitali ya macho na masikio. Alirudi kama alivyoenda. Baadaye, akiandika kuhusu maisha yake, alieleza kuwa uziwi ulimtia katika upweke tangu utotoni, na kwamba huenda ndio uliomsukuma kushika kalamu.

Kalamu hiyo ilianza kujulikana mnamo Oktoba 1887, gazeti la The Bulletin la Sydney lilipochapisha shairi lake la kwanza. Wakati huo mamake naye alikuwa ameingia katika kazi ya magazeti, na mwaka uliofuata alianzisha The Dawn, jarida la wanawake lililopiga chapa na kuhaririwa na wanawake wenyewe, na lililopigania haki yao ya kupiga kura.

Mwaka wa 1892 ulikuwa wa neema kwa Lawson kisanaa. Katika mwaka huo alichapisha The Drover's Wife, hadithi fupi kuhusu mwanamke anayekesha usiku kucha akiwalinda watoto wake wanne dhidi ya nyoka aliyeingia chini ya nyumba, huku mumewe akiwa safarini na mifugo. Hakuna maneno mengi katika hadithi hiyo. Kuna mwanamke, mbwa, mshumaa, nyufa za sakafu na saa zinazokwenda polepole. Ni hadithi ya mtu anayetazama, nayo imebaki kuwa miongoni mwa kazi zinazosomwa zaidi katika fasihi ya Australia.

Mwaka huo huo alijibizana kwa mashairi na malenga mwenzake, Banjo Paterson, katika kurasa za The Bulletin. Paterson aliyaona maisha ya bara kuwa ya raha na uhuru. Lawson alisisitiza kuwa huko kuna vumbi, ukame na wanawake wanaozeeka kabla ya wakati wao.

Ili athibitishe maneno yake, mhariri J.F. Archibald alimpa pauni tano na tikiti ya treni ya kwenda Bourke, mji wa mbali uliokuwa ukiteketea kwa ukame. Lawson alifanya kazi katika banda la kukatia kondoo manyoya. Kisha, katikati ya kiangazi, alitembea kwa miguu hadi Hungerford, mpakani mwa Queensland, furushi la blanketi mgongoni, mwendo wa zaidi ya kilomita 200, na akarudi vivyo hivyo.

Safari hiyo ilimlisha kwa miaka mingi. Kinachowashangaza wasomaji hadi leo ni jinsi mtu asiyesikia alivyoweza kuandika mazungumzo ya vibarua kwa usahihi mkubwa: mizaha yao, vituo vyao, mambo wanayokwepa kuyasema. Yamkini mtu anayelazimika kukodolea uso wa msemaji macho ili apate neno huona pia yale ambayo mdomo unayaficha. Mkusanyiko wake wa hadithi, While the Billy Boils, ulitoka mnamo 1896 na kumpa jina kubwa.

Jina, lakini si riziki. Mwaka wa 1899 aliandika makala kuonyesha jinsi mapato ya mwandishi nchini mwake yalivyokuwa haba, na kuwashauri chipukizi wenye kipaji wahame. Mwenyewe alihamia London mwaka wa 1900 pamoja na mkewe, Bertha, na watoto wao wawili wachanga. Huko alichapisha Joe Wilson and His Mates mnamo 1901, kitabu ambacho wahakiki wengi hukihesabu kuwa kilele cha kazi yake. Lakini mkewe aliugua, pesa zikaadimika, na mwaka wa 1902 wakarejea nyumbani.

Kuanzia hapo mambo yalikwenda mrama. Pombe, ambayo alikuwa ameizoea tangu ujana, ilimtawala. Mwishoni mwa 1902 alijaribu kujitoa uhai. Mwaka uliofuata mahakama iliidhinisha kutengana kwake na Bertha na kumwamuru alipe pesa za matunzo. Aliposhindwa, alipelekwa katika gereza la Darlinghurst. Kati ya 1905 na 1909 aliingia na kutoka humo mara kadha, ama kwa deni hilo ama kwa ulevi, na akalitungia shairi lililobeba nambari yake ya mfungwa, 103.

Mnyonge mnyongeni lakini haki yake mpeni. Bertha na watoto walikuwa na haki ya kutunzwa, na Lawson hakuwa malaika. Isitoshe, baadhi ya maandishi yake yana dharau kwa wenyeji asilia na Wachina, doa ambalo wasomaji wa leo hawawezi kulifumbia macho. Lakini ni vigumu kuelewa busara ya kumfunga mtu asiyesikia, mgonjwa wa pombe, kwa kukosa pesa ambazo gerezani hangeweza kuzipata.

Aliyemshika mkono ni Isabel Byers, mwanamke aliyemzidi umri kwa takriban miaka 20, ambaye alimpa makao na kumbembelezea wachapishaji. Mnamo 1916, marafiki walifanikisha mpango wa serikali wa kumpa nyumba na kazi ya uandishi huko Leeton, eneo ambalo pombe ilikuwa imepigwa marufuku.

Lawson alifariki Septemba 2, 1922, nyumbani kwa Byers mtaani Abbotsford, Sydney, akiwa na miaka 55. Ndipo dola ilipoamka. Alipewa mazishi ya serikali, heshima ambayo katika New South Wales ilikuwa ya magavana na majaji wakuu. Waziri Mkuu Billy Hughes alihudhuria pamoja na maelfu ya wananchi. Mnamo 1931 sanamu yake ya shaba ilizinduliwa katika bustani ya Domain.

Tangu hapo Australia imebadilika. Mnamo 1987, katika mji wa Geelong, lilianzishwa kundi la maigizo la Back to Back, ambalo waigizaji wake wana ulemavu wa akili au tofauti za utambuzi na ndio wanaobuni michezo yenyewe. Mwaka wa 2022 kundi hilo lilituzwa Tuzo ya Kimataifa ya Ibsen, inayotolewa na Norway, nchi aliyozaliwa babake Lawson. Mwaka wa 2024 likatunukiwa Simba wa Dhahabu mjini Venice. Wasanii hao wametambuliwa wangali hai, wakiwa kazini.

Wahenga walisema mti hauendi ila kwa nyenzo. Lawson alikuwa na kipaji tele, lakini nyenzo zilimfikia kwa mkupuo mmoja, siku ya maziko. Gereza la Darlinghurst alimofungwa sasa ni chuo cha sanaa cha kitaifa, na vijana huingia lango lile lile kwa hiari yao, kujifunza kuchora na kuchonga.