Mir Ali Bey: Haramia wa kweli aliyeahidi kuikomboa pwani yetu

Kila mwaka huko Tampa, Florida nchini Marekani, watu wazima na akili zao huvaa kiharamia, wakabeba panga za bandia, wakapanda meli na kujifanya wanauteka mji. Tamasha hilo linaitwa Gasparilla, lilianza mwaka 1904. Kichekesho ni kwamba haramia wanayemuigiza, José Gaspar, ni wa hadithi tu. Hakuna ushahidi kwamba aliwahi kuishi.

Sisi watu wa pwani, kuanzia Tanga hadi Lamu, hatuna haja ya kutunga. Wa kwetu alikuwepo kweli. Jina lake Mir Ali Bey.

Mkwara wa meli moja

Ali Bey alikuwa nahodha wa Kituruki, enzi za dola ya Uthmania. Karibu na mwaka 1586 alishuka kutoka Bahari ya Shamu akiwa na meli moja tu.

Wakati huo Wareno ndio walioibana pwani: kodi wao, biashara wao. Ali Bey akafika Mogadishu na kutangaza kwamba Sultani wa Uturuki analeta kundi kubwa la manowari kuwafukuza. Kumbe hakuna manowari yoyote nyuma yake. Jamaa alikuwa anapiga mkwara.

Na mkwara ulifanya kazi. Barawa, Pate, Faza, Lamu na Mombasa zikamuunga mkono. Malindi peke yake ikabaki na Wareno, marafiki zake tangu Vasco da Gama alipotia nanga 1498. Ali Bey akateka meli za Wareno, akazoa mali na mateka, akaondoka zake.

Waliobaki ndio waliolipa

Mwaka 1587 Wareno wakaja kutoka Goa, India, wakiwa na hasira. Faza ikateketezwa, watu wakauawa, hata miti yao ikakatwa. Mombasa nayo ikachomwa moto. Wapiganapo tembo, nyasi huumia.

Ali Bey hakuwepo. Alirudi mwishoni mwa 1588, safari hii na meli tano. Akajichimbia Mombasa, akajenga ngome ndogo na kupanga mizinga mlangoni mwa bandari.

Kunaswa Mombasa

Machi 1589 alijikuta katikati ya moto. Baharini kulikuwa na meli za Wareno zilizotoka Goa. Bara, ng'ambo ya kivuko cha Makupa, walikuwa Wazimba, wapiganaji waliopanda kutoka upande wa mto Zambezi.

Wareno wakaziteka meli zake, Wazimba wakavuka na kuingia kisiwani. Watu wakakimbilia majini kuokoa roho zao. Ali Bey naye akatoka mbio kuelekea kwa adui aliyekuwa na nafuu: Wareno. Wakamkamata, wakampeleka Goa, kisha Lisbon. Kumbukumbu za Wareno zinasema huko aliingia Ukristo. Habari zake zinaishia hapo.

Tanga inaingiaje hapa?

Wazimba hawakuishia Mombasa. Walisonga hadi Malindi, na huko wakakutana na Wasegeju, ambao waliwachapa vibaya. Baadaye Wasegeju haohao wakaishinda Mombasa na kuiweka mikononi mwa mtawala wa Malindi. Leo utawakuta Wasegeju kwenye vijiji vya pwani kaskazini mwa jiji la Tanga, Moa ikiwemo.

Wareno nao walijifunza. Mwaka 1593 walianza kujenga Fort Jesus palepale Mombasa, ili asije mwingine kama Ali Bey.

Haramia au mkombozi?

Kwa Wareno alikuwa haramia. Kwa Mombasa alikuwa tumaini. Kwa Faza? Huyo ndiye mgeni aliyeahidi ulinzi, na moto ulipokuja hakuonekana.

Kuvaa na kuigiza si jambo geni Tanga. Enzi za ngoma ya beni, Marini na Arinoti walipita mitaani na sare na vyeo vya kijeshi kama maofisa kamili. Siku kikundi chochote cha vijana kikitaka kufanya igizo la maharamia, hadithi ipo tayari, na haihitaji José Gaspar. Ila wakimvalisha mmoja wao kilemba cha Ali Bey, wasisahau kuwapanga wengine wawe watu wa Faza.