Bwana Root na Udongo wa Chicago

Sisi wa Rusizi twaijua ardhi isiyotulia: tetemeko la Februari 2008 lilibomoa nyumba nyingi. Kwa hiyo nawasimulia habari za John Wellborn Root wa Marekani, msanifu wa majengo, aliyezaliwa mwaka 1850. Yeye hakushindana na tetemeko, bali na udongo laini wa Chicago, ambamo majengo mazito yalididimia. Mwaka 1882, chini ya jengo la Montauk la orofa 10, alipanga reli za garimoshi, safu juu ya safu zikipishana, akazimiminia zege. Uzito ukatawanyika kama juu ya chelezo. Alifariki mwaka 1891, mwenye miaka 41. Jengo lake la Rookery la mwaka 1888 lingali limesimama. Nasi tujengapo, tuupime udongo kwanza.