Herman Hollerith na watu 10,491 wa Saint Louis

Siku hizi mutu akitaka kujaribu uwezo mpya wa programu ya kupanga habari katika kompyuta, haanzi na habari za kweli za ofisi. Anatwaa kwanza habari za mfano, zile anazozijua vizuri. Programu ikikosea, ataona mara moja, na hakuna kitu kilichoharibika. Desturi hii inapita kompyuta kwa umri. Ndiyo iliyomfungulia Herman Hollerith mlango.

Alizaliwa tarehe 29 Februari 1860 mjini Buffalo, Amerika. Wazazi wake walitoka Ujerumani. Kuandika maneno bila makosa kulimshinda, na wanasimulia kwamba siku moja aliruka dirishani ili akimbie somo hilo. Kisha mchungaji wa Kilutheri akamfundisha pembeni. (Wenzetu wa mwaka wa kwanza, dirisha muliache!) Mwaka 1879 akapata diploma ya injinia wa migodi kule Columbia, New York, akaingia kazi ya kuhesabu wakaaji wa inchi, hesabu ya 1880.

Pale akaona taabu. Makarani walihesabu kwa mkono, na kazi ikadumu zaidi ya miaka 7. Watu walizidi kuongezeka. Ilihofiwa kwamba hesabu ya 1890 haitamalizika mbele ya ile ya 1900.

Hollerith akatunga hivi: kila mutu na kadi yake, kila habari na tundu lake: mume ao muke, umri, kazi. Sindano za mashini zinashuka juu ya kadi. Penye tundu, sindano inapita na kugusa zebaki, ile chuma inayotiririka kama maji; umeme unapita, na mshale unasogea hatua moja.

Alijaribu na habari za waliokufa mjini Baltimore. Kadi alizitoboa kwa koleo la mkata-tikiti wa gari la moshi, mpaka mkono ukamuuma sana. Basi akatengeneza chombo kingine cha kutobolea, chepesi zaidi.

Mwaka 1889 serikali haikumwamini kwa maneno matupu, na ilifanya vizuri. Ilitwaa karatasi za zamani, za 1880, za mitaa minne ya Saint Louis: watu 10,491. Ikawapa washindani watatu kazi ileile. Pidgin na Hunt walitumia karatasi za rangi na mikono. Kuandika habari upya, Hollerith alitumia saa 72 na dakika 27, Pidgin 110 na 56, Hunt 144 na 25. Lakini katika kuhesabu ndipo watu walishangaa: Pidgin saa 44 na dakika 41, Hunt 55 na 22, Hollerith saa 5 na dakika 28 tu!

Akapewa kazi ya 1890, na jumla ya wakaaji, zaidi ya milioni 62, ikatangazwa mwaka uleule. Mwaka 1896 alianzisha kampuni yake. Mwaka 1911 iliunganishwa na zingine, na tangu 1924 ikaitwa IBM. Alikufa Washington tarehe 17 Novemba 1929. Kadi zenye matundu ziliendelea kulisha kompyuta miaka mingi baada yake.