Maisha na Kazi ya Nicanor Abelardo

Katika sura iliyotangulia tulieleza kauli ya kutendwa kwa sentensi moja moja. Sasa tuitazame ikifanya kazi katika habari kamili, yaani maisha ya Nicanor Abelardo, mtunzi wa muziki wa Ufilipino. Tumemchagua kwa kuwa alifundishwa mengi na watu wengine, lakini ni yeye aliyeamua mafunzo hayo yatumikie nini.

Abelardo alizaliwa tarehe 7 Februari 1893 huko San Miguel, katika mkoa wa Bulacan, kaskazini mwa Manila. Wakati huo Ufilipino ilikuwa ikitawaliwa na Hispania. Baba yake, aliyekuwa mpiga picha, alimfundisha kusoma noti na kupiga bandurria, chombo cha nyuzi kinachofanana na gitaa dogo. Alipofikisha umri wa miaka 8 alitunga muziki wake wa kwanza, akamtunukia bibi yake. Baadaye alichukuliwa na jamaa yake mmoja, mchoraji, akapelekwa Manila, na huko akajifunza piano. Akiwa na miaka 13 alikuwa akipiga piano katika kumbi za starehe ili apate riziki, na alipotimiza miaka 15 alikuwa tayari akifundisha katika shule za vijijini.

Kufikia wakati huo mtawala alikuwa amebadilika. Hispania ilikuwa imeondoka, Marekani imeshika nafasi yake, na katika shule za serikali masomo yalitolewa kwa Kiingereza. Kitagalogi, lugha ya nyumbani kwa akina Abelardo, kilibaki sokoni, jikoni na katika nyimbo. Miongoni mwa nyimbo hizo ulikuwamo kundiman, wimbo wa mapenzi wa mapigo matatu, ambao kwa kawaida huanza kwa sauti za huzuni kisha ukageukia sauti zilizochangamka, kana kwamba mwimbaji amepata tumaini.

Mwaka 1916 Abelardo alianza masomo katika shule ya muziki ya Chuo Kikuu cha Ufilipino, ambayo ilikuwa imeanzishwa mwaka huohuo. Alipokuwa bado mwanafunzi alitunga sauti ya wimbo wa chuo hicho. Maneno yake ya kwanza yalikuwa ya Kiingereza. Baadaye wimbo ukapewa maneno ya Kifilipino, nayo sauti ikabaki ileile. Alipata cheti cha ualimu mwaka 1921, na mwaka 1924 aliwekwa kuwa mkuu wa idara ya utunzi.

Katika miaka hiyo alifanya kazi iliyomjengea jina. Yeye pamoja na Francisco Santiago waliuchukua kundiman wa mitaani, wakauandikia piano kwa ufundi uleule uliotumika katika nyimbo za kumbi za Ulaya, huku maneno yakibaki ya Kitagalogi. Nasaan Ka Irog, Mutya ng Pasig na Bituing Marikit ni baadhi ya nyimbo zake za namna hiyo. Wimbo uliodhaniwa kuwa wa watu wasiosoma ukasimama jukwaani bila kuomba radhi kwa lugha yake.

Mwaka 1931 alikwenda Chicago kuendelea na masomo. Huko alikutana na muziki mpya wa zama zile, wenye sauti zinazogongana, akatunga kwa mtindo huo kazi kama Sinfonietta ya vyombo vya nyuzi ya mwaka 1932. Kazi hizo zilikuwa ngeni kwa masikio mengi ya nyumbani, naye hakupata muda wa kuwazoesha wasikilizaji wake. Alifariki tarehe 21 Machi 1934, akiwa na umri wa miaka 41. Jengo la muziki la Chuo Kikuu cha Ufilipino lilipewa jina lake, na nyimbo zake za Kitagalogi zingali zinaimbwa.

Turudi kwenye vitenzi. Katika alizaliwa, alichukuliwa, akapelekwa na aliwekwa, Abelardo ni kiima, lakini si mtenda. Katika alitunga, yeye ndiye mtenda. Mwanachuo adondoe vitenzi vyote vya aina hizi mbili, kisha aangalie ni wapi mtenda ametajwa kwa na, na ni wapi ameachwa. Mara nyingine mtenda huachwa kwa sababu hajulikani. Mara nyingine kwa sababu hana uzito. Lakini tuliposema kwamba nyimbo zake zingali zinaimbwa, tumemwacha mtenda kwa sababu ya tatu: waimbaji ni wengi mno kutajwa. Mwalimu wa lugha anayewafundisha watoto wenye lugha nyingine nyumbani atatambua kwamba sababu hiyo ya tatu ndiyo heshima kubwa ambayo lugha yoyote inaweza kupata.